Paa la kuficha au mgongo wa tembo? Nyumba ipo Tanga, karibu na bahari

Mtaka Kwake
Wakuu, habari za jioni. Nina kijumba changu Tanga kimefika lenta, mita 12 kwa 10, kama mita mia nne kutoka baharini. Mwenyewe naishi Dar, nafika saiti mara moja kwa mwezi. Sasa ni kupaua, paa la kuficha au mgongo wa tembo, yaani lile lililoinuka katikati na kuteremka pembeni, na hapo ndipo nilipokwama.

Mama watoto anataka paa la kuficha, lile ambalo bati limelala nyuma ya ukuta, ukisimama barabarani huoni kitu. Fundi naye yuko upande wake, anasema mbao na bati zitapungua. Bi mkubwa wangu alipoona picha kwenye simu akauliza, "Hii nyumba au stoo? Mbona haina kichwa?" Nilicheka, lakini neno limenikaa. Naombeni ushauri, hasa nyie mliokwisha kulala kwenye hizi nyumba masika mawili matatu.

Kipara Ngoto
Weka ramani kwanza mkuu. Bila ramani tutapiga ramli tu.

Nilishaumia
Mimi ninayo, huku pembeni ya Dar, mwaka wa nne huu. Miaka miwili ya mwanzo nilitembea kifua mbele. Masika ya tatu, saa tisa usiku, nasikia tone juu ya kabati. Kuwasha taa, dari ya jipsamu ina duara la rangi ya chai ya mkandaa, katikati pamebonyea kama kitovu. Asubuhi nikapanda ngazi. Gata ya ndani, ule mfereji wa kukusanya maji ya paa, imejaa majani ya mwarobaini, manyoya ya kunguru na kifuko cha barafu za watoto kimekaa sawasawa kwenye mdomo wa bomba. Maji yalisimama mpaka yakapita ncha za bati, yakaingia ndani. Bati lenyewe zima, halina hata tundu la sindano.

Paa la mgongo gata ikiziba, maji yanamwagika nje, unanywesha maua. La kuficha gata ikiziba, maji yanakufuata chumbani. Kama mama watoto ameshikilia, basi gata iwe pana kiasi cha mtu kusimama ndani yake na kusafisha, mabomba yasipungue mawili kila upande, na utoboe ukuta uweke bomba la dharura chini kidogo ya ncha za bati. Siku likitema maji nje, ujue huko juu pameziba. Halafu lazima mtu apande kabla ya masika na kabla ya vuli. Wewe uko Dar, atapanda nani?

Pima Maji
Fundi wako hajadanganya, kasema nusu. Paa ukiliinua nyuzi 30, bati linaongezeka kama asilimia 15 juu ya eneo unalofunika. Nyuzi 45 ni asilimia 41. Ndiyo maana lililolala linakula bati chache. Ila hajakutajia tofali za ule ukuta wa juu, plasta yake ndani na nje, rangi, gata na mabomba. Akuandikie bei za mapaa yote mawili kwenye karatasi moja, uone uso wake.

Kingine, chumvi. Bati la geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Hiyo 32 waachie kuku. Chukua lililopakwa mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, na misumari yenye mpira ipigwe juu ya mgongo wa bati, si bondeni maji yanapopita. Vigae vya udongo usivitamani kama kenchi, zile mbao zinazobeba paa, haikupangiwa: mita moja ya mraba inafika kilo 40 na kuzidi, bati halifiki hata 5.

Mjukuu wa Ng'ambo
Paa bapa si geni pwani. Huku kwetu Unguja nyumba za mawe za Mji Mkongwe zilifunikwa kwa boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa. Vyumba vikawa vyembamba, kwa sababu boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Leo tazama mjini kutoka juu: bati tupu! Watu walichoka kuvujiwa, wakaweka paa la mgongo juu ya paa.

Kipara Ngoto
Hapo umenena. Mgogo alijenga tembe, paa bapa la udongo, kwa kuwa Dodoma mvua ni ya kuhesabu. Mhaya akajenga msonge ulioshuka mpaka chini kwa kuwa Bukoba mvua haina adabu. Sisi tunachagua paa kwa kutazama picha za simu.

Dada wa Chumbageni
Mjengee bi mkubwa banda la makuti uani atulie. Mteremko uwe mkali lakini, makuti yakilala yanaoza upesi.

Mtaka Kwake
Asanteni sana. Mama watoto kasoma uzi wote, kafika kwenye kitovu cha jipsamu akanirudishia simu kimya. Tumekubaliana mgongo wa tembo, geji 28, na kiukuta kidogo cha urembo mbele ya baraza ili naye apate chake. Nimempigia fundi asinunue mbao kwanza. Kaniuliza, "Bosi, hao washauri wako ndio watakaopanda juu?"

Pima Maji
Mwambie tupo chini, tumeshika ngazi.