Naombeni ushauri: nimealikwa opera Berlin, sijawahi kuingia humo

Mgeni_Jijini: Wakuu, habari zenu. Niko Berlin kikazi, na bosi wangu na mkewe wamenikatia tiketi ya Kinyozi wa Seville, Ijumaa hii. Kwenye tangazo kinyozi kavaa raba na kashika simu, nikadhani ni komedi ya siku hizi. Kumbe opera, mchezo wa kuigiza unaoimbwa, wa Mwitaliano Rossini, wa mwaka 1816! Kiitaliano sikijui, Kijerumani changu cha sokoni. Nivae nini? Na kucheka kunaruhusiwa, au mtu anakaa kama yuko msibani?

Mama_Tanga: Cheka, mwanangu, ndiyo kazi yake. Mzee Bartolo anamlea Rosina na anataka kumuoa ale mali yake. Kijana mmoja mwenye cheo, Almaviva, kampenda huyohuyo binti, na kinyozi Figaro ndiye kuwadi. Soma muhtasari nyumbani, maana ukikodolea macho maandishi ya tafsiri yanayoonyeshwa ukumbini, vituko vya jukwaani vinakupita.

Kobe_Mzee: Mimi hizi za raba na simu hapana. Nilikwenda moja, Rosina katuma meseji, halafu Bartolo anaimba kwamba karatasi imepungua mezani na binti ana wino kidoleni. Wino wa simu? Wanabadilisha nguo, maneno wanayaacha yaleyale.

Mama_Tanga: Kobe, hapo ndipo mimi nilipovunjika mbavu! Figaro anambembeleza Rosina aandike japo mistari miwili. Binti anajifanya kuona haya wee, kumbe barua keshaiandika zamani, iko kifuani. Kwenye niliyoiona mimi alibonyeza tu "tuma", ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na hao wa zamani unaowatetea, usiku wa kwanza pale Roma waliizomea. Wa pili wakaishangilia.

Shati_Jeupe: Mkuu, shati safi na viatu vilivyopigwa kiwi vinatosha, tai si lazima. Koti zito kaliache wanakopokelea makoti. Wahi, ukichelewa utasubiri nje ya mlango. Makofi ngoja wenzako waanze.

Mgeni_Jijini: Asanteni sana. Inachukua muda gani?

Mama_Tanga: Karibu masaa matatu, pamoja na mapumziko. Usisinzie baada ya mapumziko! Don Basilio, mwalimu wa muziki, anatokea wakati hatakiwi, wote wanamshikia bango kwamba anaumwa, rangi imempotea, akalale. Yeye mzima kabisa. Almaviva anampenyezea mfuko wa fedha, basi homa inampanda palepale.

Kobe_Mzee: Hiyo nakubali, hata wavae raba.