Mrejesho: presha ya jicho lenye pete za konea

Assalam aleikum ndugu zangu. Niliwauliza kama presha ya jicho hupimika sawasawa kwa mdogo wangu, aliyewekewa pete kwenye konea (kioo cha mbele cha jicho) kwa ajili ya keratokonasi, ugonjwa wa konea kuwa nyembamba na kuchongoka. Presha yake ilikuwa imesoma 11, na kawaida ni milimita za zebaki 10 hadi 21.

Tumeonana na daktari wa macho hapa Mombasa. Kipimo cha Goldmann, kile cha mwanga wa buluu kinachogusa jicho, kilitengenezwa kwa kukadiria konea ya unene wa mikroni 520 hivi, yaani nusu milimita na kidogo. Konea yenye keratokonasi ni nyembamba na laini, inabonyea upesi, basi namba hutoka chini ya presha halisi. Kwa hiyo 11 peke yake haitoshi kututuliza, nami naona wagonjwa wote wangeelezwa hivyo mapema.

Akakagua neva ya jicho na upana wa kuona: vyote vizima, alhamdulillahi. Atapimwa kwa mashine ileile kila mara, tulinganishe.

Tafadhalini, matone ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) hupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watu. Msijitilie bila daktari kuwafuatilia. Na aliyenihimiza niulizie neva, shukran sana.