Tupeane uzoefu: kupanga rekodi za Spice Girls na kuzisoma chati zao bila kupotea

Mleta mada

Wakuu, wakitajwa Spice Girls, lile kundi la pop la wasichana watano wa Uingereza, ubishi hauishi. Mmoja anasema wamefika namba moja Uingereza mara 9, mwingine 11. Huyu anadai albamu ya kwanza ni ya 1996, yule anaapa ni ya 1997. Cha ajabu, wote wanaweza kuwa sahihi, maana kila mmoja ameshika karatasi yake. Anayejua singo (rekodi ya wimbo mmoja au michache inayouzwa peke yake), matoleo, kanuni za chati (orodha ya wiki ya rekodi zinazoongoza) au ukaguzi wa CD aweke hapa. Habari za nani alinuniana na nani ziacheni kwenye magazeti ya udaku.

Naanza na mifupa. Chini ya lebo (kampuni ya rekodi) ya Virgin nchini Uingereza, singo zao ni 11 tu:

Wannabe (Julai 1996), wiki 7 namba moja. Say You'll Be There (Oktoba 1996), wiki 2. 2 Become 1 (Desemba 1996), wiki 3. Mama / Who Do You Think You Are (Machi 1997), wiki 3. Spice Up Your Life (Oktoba 1997), wiki 1. Too Much (Desemba 1997), wiki 2. Stop (Machi 1998), iliishia namba 2. Viva Forever (Julai 1998), wiki 2. Goodbye (Desemba 1998), wiki 1. Holler / Let Love Lead the Way (Oktoba 2000), wiki 1. Headlines (Novemba 2007), iliishia namba 11.

Jumlisheni wiki za kileleni: 22. Ukipata 21 au 23, kuna mstari umeuruka.

Kaseti Tisini

Hiyo 9 na 11 ndiyo inayowachanganya watu, tuimalize. Singo zilizofika namba moja ni 9. Lakini mbili kati ya hizo zilikuwa na pande mbili zenye hadhi sawa: ile ya Machi 1997 na ile ya Oktoba 2000. Chati inaihesabu singo kama kitu kimoja kilichouzwa dukani, haihesabu nyimbo zilizomo. Kwa hiyo singo ni 9, nyimbo ni 11. Ukiandika "nyimbo 9 namba moja" umekosea, na ukiandika "singo 11 namba moja" umekosea zaidi, kwa sababu singo zote walizotoa ndizo 11 na mbili kati yake hazikufika.

Kwenye jedwali lako weka mstari mmoja kwa kila singo, kisha safu ya nyimbo zilizomo. Usiigawe Mama na Who Do You Think You Are mistari miwili, utajikuta umehesabu wiki 3 mara mbili.

Mpanga Chati

Naongezea namna ya kuisoma chati ya Uingereza ya miaka ile, maana wengi wanaisoma kwa macho ya leo.

Singo ilikuwa inaingia madukani Jumatatu. Mauzo yalihesabiwa mpaka Jumamosi, chati ikatangazwa Jumapili jioni BBC Radio 1. Redio haikuhesabiwa hata kidogo, ni nakala zilizouzwa tu. Ndiyo maana lebo zilipeleka wimbo redioni wiki kadhaa kabla ya kuuza: kiu ikusanyike, kisha wote wanunue wiki moja. Wimbo unaruka moja kwa moja hadi namba moja, halafu unashuka.

Sasa tazama Wannabe. Iliingia namba 3, wiki iliyofuata ikapanda hadi namba moja ikakaa wiki 7 mpaka Flava ya Peter Andre ilipoitoa. Kupanda namna hiyo ni dalili kwamba watu ndiyo kwanza walikuwa wanaijua, kundi halikuwa na jina. Kuanzia singo ya pili, kila iliyofika namba moja iliingilia hapo hapo. Mashabiki walikuwa wameshajipanga mlangoni.

Kosa la pili: kudhani wiki nyingi kileleni ni sawa na mauzo makubwa kuliko wote. Wannabe ilikaa wiki 7, lakini singo iliyouza zaidi Uingereza mwaka 1996 ni Killing Me Softly ya Fugees. Wannabe ilishika nafasi ya pili. Wiki za kileleni zinakuambia ulimshinda nani wiki ile, basi.

Na hicho ndicho kilichoikuta Stop. Wengi wanasema kundi lilikuwa limeanza kuchuja. Hebu angalia jirani yake: wiki ile ile iliingia It's Like That ya Run-DMC katika rimiksi ya Jason Nevins, ikakaa namba moja wiki 6 na kuuza zaidi ya nakala milioni moja. Yeyote angekaa chini ya huyo.

Binti wa Santuri

Mkuu hapo juu umesema vema, ila hao waliosema "kuchuja" wasifukuzwe wote. Baada ya Stop hakuna singo yao iliyozidi wiki 2 kileleni. Namba moja zilikuja, ila kwa nguvu ya mashabiki wa wiki ya kwanza.

Niseme la Krismasi, maana huwa linaandikwa vibaya. Namba moja ya wiki ya Krismasi ni shindano la peke yake Uingereza. Spice Girls waliichukua 1996 kwa 2 Become 1, 1997 kwa Too Much, 1998 kwa Goodbye. Miaka mitatu mfululizo ilikuwa imefanywa na Beatles peke yao, 1963 hadi 1965. Siyo "Krismasi tatu" za hapa na pale. Ni mfululizo, na hapo ndipo uzito ulipo. Goodbye ilikaa wiki 1 tu, lakini wiki hiyo ndiyo iliyotakiwa. Lebo iliitoa wiki ya katikati ya Desemba kwa hesabu, kama ilivyofanya kwa zile mbili.

Geri, mmoja wa wale watano, aliondoka mwisho wa Mei 1998. Sauti yake imo kwenye Viva Forever iliyotoka Julai, haimo kwenye Goodbye. Ukipanga nyimbo kwa "watano" na "wanne", mpaka ni hapo, siyo tarehe ya kuondoka.

Mtu wa Billboard

Marekani ni karatasi nyingine kabisa, msichanganye.

Albamu ya Spice ilitoka Uingereza 4 Novemba 1996, Japani ikatangulia Septemba, Marekani ikafika Februari 1997. Ndiyo maana kwa Mwingereza ni albamu ya 1996 na kwa Mmarekani ni ya 1997. Kule ilikaa namba moja wiki 5 na ikawa albamu ya mwaka 1997 kwenye hesabu ya Billboard, jarida linalotoa chati za kule.

Wannabe iliingia Hot 100 (chati ya singo ya Billboard) namba 11 Januari 1997, ikafika namba moja Februari na kukaa wiki 4. Hiyo ndiyo namba moja yao pekee kule. Say You'll Be There ilifika 3, 2 Become 1 ilifika 4, Spice Up Your Life 18, Too Much 9, Stop 16, Goodbye 11.

Utauliza Mama iko wapi. Haiko, na siyo kwamba ilifeli. Hot 100 ilichanganya mauzo na redio, lakini hadi mwanzoni mwa Desemba 1998 wimbo haukuruhusiwa kuingia kama haujauzwa dukani kama singo. Mama haikutolewa kuwa singo Marekani, kwa hiyo kwenye jedwali lako andika "haikutolewa", usiandike "haikuingia". Hayo ni maneno mawili tofauti na watu wanayachanganya kila siku. Viva Forever nayo ni hivyo hivyo.

Kaseti Tisini

Nyongeza kuhusu platinamu, yaani cheti cha kufikisha idadi fulani ya nakala. Platinamu ya Uingereza kwa albamu ni nakala 300,000. Ya Marekani ni 1,000,000. Spice ina platinamu 10 Uingereza, yaani milioni 3, na platinamu 7 Marekani, yaani milioni 7. Mtu akiona 10 na 7 anadhani Uingereza iliuza zaidi! Badilisha kwanza kuwa nakala ndipo ulinganishe.

Halafu enzi zile cheti kilihesabu nakala zilizopelekwa madukani, siyo zilizotoka na mteja. Kwa singo kuna mtego wa ziada: tangu Julai 2014 chati na vyeti vya singo Uingereza vinahesabu na usikilizaji wa mtandaoni. Cheti cha Wannabe cha leo kimebeba watoto ambao hawakuwa wamezaliwa. Kwa mauzo ya zamani shika hili: Wannabe na 2 Become 1 kila moja ilivuka milioni moja Uingereza.

Mkusanyaji CD

Niingie kwenye vitu vya kushika mkononi.

Angalia mgongo wa kasha kabla ya picha. CD za albamu za Uingereza: Spice ni CDV 2812, Spiceworld ni CDV 2850, Forever ina tarakimu 2928. Tarakimu zinabaki zile zile kwenye kanda, herufi za mbele ndizo hubadilika kulingana na umbo.

Singo ziliuzwa kwa matoleo: CD ya kwanza, CD ya pili, na kanda. Wannabe, kwa mfano, ni VSCDT 1588 na VSCDX 1588. Ya kwanza ndiyo yenye Bumper to Bumper. Ya pili ni rimiksi, ikiwemo ya Dave Way. Ujanja wa lebo ulikuwa huo: shabiki anunue zote mbili, na kila nakala ihesabiwe kwenye chati. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "ninayo singo ya Wannabe", muulize namba, usiulize hali yake kwanza.

Nyimbo za upande B (za ziada kwenye singo) ambazo hazimo kwenye albamu tatu ndizo zinazotafutwa: Bumper to Bumper, Take Me Home (Say You'll Be There), One of These Girls na Sleigh Ride (2 Become 1), Baby Come Round (Mama), Spice Invaders (Spice Up Your Life), Walk of Life (Too Much), Christmas Wrapping (Goodbye). Step to Me ndiyo kichwa ngumu: ilikuwa ya Pepsi mwaka 1997, unakusanya pete 20 za makopo ya rangi ya waridi, unatumiwa CD. Haikuuzwa, kwa hiyo usiitafute kwenye chati.

Ukaguzi wa CD: igeuze upande unaong'aa, tazama duara la ndani karibu na tundu. CD za kiwandani za kipindi hicho huwa na maandishi ya mashine na alama za IFPI (shirikisho la kampuni za rekodi duniani), moja ikianza na herufi L. Upande wa kusomea ukiwa na rangi ya kijani au buluu, hiyo imechomwa kwenye kompyuta. Kisha inua CD mbele ya taa. Ukiona vitundu vya mwanga kama nyota, huenda tabaka la alumini limeanza kuliwa, na hakuna kitambaa wala dawa itakayorudisha. Mikwaruzo ya upande wa juu, wenye maandishi, ni hatari kuliko ya chini, kwa kuwa tabaka hilo liko juu.

Kanda: tazama ukingo ulio wazi, pale utepe unapoonekana, uangalie kile kisponji kidogo katikati. Kikidondoka, sauti inafifia na watu hulaumu kichwa cha redio. Na kanda za kurudufu zilizojaa sokoni kwetu zina thamani ya kumbukumbu tu. Hazina namba ya mgongo na hazikuingia kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Binti wa Santuri

Kabla hamjafunga orodha: 2 Become 1 ya albamu siyo ya singo. Ubeti wa pili ulibadilishwa maneno, na sehemu aliyoimba Geri kwenye albamu anaiimba mwenzake Victoria kwenye singo na kwenye video. Ukikuta faili imeandikwa "single version" sikiliza ubeti wa pili kabla ya kuamini jina.

Mgeni Jamvini

Mkuu, Forever ya 2000 niiweke kama imefeli?

Mtu wa Billboard

Weka tarakimu: Uingereza namba 2, nyuma ya Coast to Coast ya Westlife iliyotoka wiki ile ile, Marekani namba 39. Mbili zilizotangulia zilifika 1 na 3 kule. Ilikuja miaka 3 baada ya Spiceworld, wakiwa wanne, kila mmoja na shughuli zake, na mtayarishaji Rodney Jerkins akiwavuta kwenye R&B ambako Marekani ilikuwa na wenyewe tayari. Na ukiipanga kumbuka Goodbye imo humo, ingawa ni singo ya 1998. Safu ya mwaka ifuate singo, siyo albamu.