Mtoto mwenye sindromu ya Down: ulegevu wa misuli unatokana na nini?

Mama Baraka:
Habari zenu. Mwanangu ana umri wa miezi 14 na ana sindromu ya Down. Nikimpakata hulegea mikononi, na hadi sasa hawezi kukaa bila kuegemezwa. Mama mkwe anasema sikumchua vya kutosha alipokuwa mchanga. Naomba kueleweshwa: tatizo liko kwenye misuli yenyewe au kwingine?

Mtaalamu wa mazoezi tiba:
Pole, Mama Baraka. Kuchua hakuhusiki, wala hukukosea. Kuna mambo mawili ambayo huchanganywa: mkazo wa misuli inapokuwa imetulia, ambao husimamiwa na ubongo na uti wa mgongo, na nguvu ya misuli inapofanya kazi. Kwa watoto hawa mkazo huwa mdogo tangu kuzaliwa, na serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo, huwa ndogo kuliko kawaida. Isitoshe, kano zinazoshikilia viungo huwa legevu. Baadhi ya jeni za kolajeni, protini inayozipa kano uimara, zimo katika kromosomu ya 21, ambayo mwanao anazo tatu badala ya mbili.

Mwalimu wa biolojia:
Niongezee kuhusu misuli yenyewe, kwa kuwa nayo haijasalimika. Katika kromosomu hiyohiyo imo jeni ya SOD1, ambayo kimeng'enya chake hugeuza oksijeni yenye madhara kuwa peroksidi ya hidrojeni. Kimeng'enya hicho kikizidi, na vile vya kuiondoa peroksidi visiongezeke kwa kadiri hiyohiyo, seli huweza kudhurika. Mitokondria, zinazozalisha nishati ya misuli, nazo zimeonekana kufanya kazi kwa udhaifu. Hata hivyo, tusiibebeshe jeni moja lawama zote, kwani kromosomu hiyo ina jeni zaidi ya 200.

Baba wa Wawili:
Binti yangu wa pili ana hali hiyo na alitembea akiwa na miaka miwili na nusu. Dada, usisahau kuuliza kuhusu tezi ya thairoidi, kwa sababu homoni yake ikipungua ulegevu huzidi, na upungufu huo hutibika kwa vidonge. Moyo pia upimwe, maana karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na mtoto mwenye moyo dhaifu huchoka upesi mazoezini.

Mama Baraka:
Asanteni sana. Moyo ulipimwa, ila tezi ilipimwa mara moja tu alipozaliwa. Nitaomba kipimo kirudiwe kliniki ijayo.