Mjadala: Mabao 19 ya Tambwe yana uzito kuliko 23 ya Kagere

Wakuu, hoja yangu ni hii na nipo tayari kuitetea: mabao 19 aliyofunga Amissi Tambwe akiwa Simba kwenye Ligi Kuu ya Tanzania Bara msimu wa 2013/14 yana uzito kuliko mabao 23 ya Meddie Kagere, naye akiwa Simba, msimu wa 2018/19. Najua wapenzi wa Kagere watawaka. Lakini ubishi wa wafungaji bora kwenye vijiwe vya Dar, kuanzia Magomeni hadi Mbagala, umekuwa wa kutupiana namba tu. Mmoja anasema 23, mwingine anamjibu kwa 26 za Mohamed Hussein "Mmachinga", straika wa zamani wa Yanga, wa tatu anamleta Pelé na mabao yake zaidi ya elfu moja. Kahawa inapoa na hakuna aliyeuliza swali la kwanza kabisa: mechi ngapi?

Msimu wa Tambwe ligi ilikuwa na timu 14, kwa hiyo kila timu ilicheza mechi 26. Msimu wa Kagere timu zilikuwa 20, mechi 38. Mechi 12 zaidi za kufungia! Gawanya uone: Tambwe anatoka na bao 0.73 kwa kila mechi ya ligi, Kagere 0.60 na kidogo. Mpe Tambwe mechi 38 kwa kasi ileile, anakaribia mabao 28. Wala hakubahatisha, maana alipohamia Jangwani, kwa Yanga, alifunga 21 msimu wa 2015/16, ligi ikiwa na timu 16 na mechi 30. Hiyo ni 0.70. Stephane Aziz Ki alifika hapohapo 2023/24, mabao 21 kwa mechi 30, na yule ni kiungo. Hata Emmanuel Okwi wa 2017/18, mabao 20 kwa mechi 30, anampita Kagere kwa hesabu hii.

Haki ya Kagere nayo nitaisema. Aliyemfuata 2018/19 alikuwa Salim Aiyee wa Mwadui, mabao 18. Kumwacha mtu kwa mabao matano, halafu msimu unaofuata ukafunga 22 na kuchukua tena kiatu cha mfungaji bora, ni kazi kubwa. Mabeki walishamjua, walishamwona akifunika jicho lake moja kwa mkono kila wikiendi, na bado walishindwa kumzuia. Ukitaka kumtetea, mtetee kwa pengo lile na kwa kurudia. Usimtetee kwa 23 peke yake.

Kuna jambo lingine ambalo vijiwe vinaliruka: nani alikuwa anakulisha mipira? Msimu wa 2021/22 Yanga walichukua ubingwa bila kupoteza mechi, na Fiston Mayele akafunga 16 huku nchi nzima ikitetema naye, ile staili yake ya kushangilia bao. Mfungaji bora alikuwa George Mpole, mabao 17, akiwa Geita Gold iliyokuwa imepanda daraja msimu uleule. Straika wa Simba au Yanga anacheza mechi nyingi ambazo wapinzani wanajifungia nyuma na mpira unazunguka kwenye boksi lao dakika 70. Straika wa timu iliyopanda anapata nafasi mbili, moja akiwa amekimbizana na beki tangu katikati ya uwanja. Kwangu 17 za Mpole ni kati ya kazi kubwa kabisa zilizofanywa na Mtanzania kwenye ligi yetu miaka hii, na inauma kwamba tunazitaja kama ajali iliyompata Mayele.

Sasa hapo tunazungumzia miaka kumi tu, nchi moja, sheria zilezile. Tukivuka enzi ndipo makosa yanapozidi. Kuna wanaosema wa zamani walifunga sana kwa kuwa mabeki walikuwa wabovu. Hao naomba wafikirie mwaka 1925. Kabla yake, sheria ya kuotea ilitaka mshambuliaji awe na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Mwaka ule wakapunguza hadi wawili. Ligi ya daraja la kwanza Uingereza ikaruka kutoka mabao 1,192 msimu wa 1924/25 hadi 1,703 msimu uliofuata, timu zilezile 22, idadi ileile ya mechi. Dixie Dean wa Everton alifunga mabao 60 ya ligi msimu wa 1927/28, mabeki wakiwa bado wanatafuta namna ya kukaa na sheria mpya. Je, hiyo inafuta 60 zake? Hapana, kwa sababu kila straika wa Uingereza alicheza chini ya sheria hiyohiyo na hakuna mwingine aliyefika 60. Ila huwezi kuichukua 60 hiyo ukaiweka juu ya 36 za Haaland za 2022/23 ukasema umemaliza.

Upande wa pili nao una lake. Hadi 1992 beki akibanwa alimrudishia kipa mpira kwa mguu, kipa akaudaka, hatari ikaisha. Kadi za njano na nyekundu hazikuwapo Kombe la Dunia hadi 1970, kwa hiyo Just Fontaine wa Ufaransa alifunga mabao 13 kwenye mechi sita za mwaka 1958 akiwa na mabeki ambao hawakuogopa kadi ya mtu. Mguu wake ulivunjika 1960, na 1962 akastaafu akiwa na miaka 28 tu. Miroslav Klose ana 16, na anazistahili, lakini zilimchukua mashindano manne na mechi 24. Mtu akiniambia Klose ni mfungaji mkubwa wa Kombe la Dunia kuliko Fontaine kwa sababu 16 ni nyingi kuliko 13, namuona anahesabu machungwa sokoni. Gerd Müller naye alifunga 14 kwa mechi 13.

Ukitaka ulinganisho wa enzi ulio safi, nautaja mmoja: Müller na Lewandowski. Ligi ileile ya Ujerumani, klabu ileile ya Bayern, timu 18 na mechi 34. Müller alifunga 40 msimu wa 1971/72. Lewandowski alipofikisha 40 mwezi Mei 2021 aliinua jezi, ndani akiwa na fulana yenye picha ya Müller, na mechi ya mwisho akafunga la 41 katika dakika ya 90. Alicheza mechi 29, Müller alicheza zote 34. Hapo namba zinaongea zenyewe.

Hapa kwetu shida ni kubwa zaidi, na ndiyo inayonisukuma kuandika. Tarehe 19 Julai 1977 Simba waliifunga Yanga 6-0, na Abdallah Kibadeni alifunga matatu peke yake. Kila mtoto wa Msimbazi, yaani wa Simba, anaijua siku hiyo, na kila Mwananchi wa Yanga anaijua kwa uchungu. Lakini taja mabao yote ya Kibadeni ya ligi, msimu kwa msimu, na mechi alizocheza. Kijiwe kinanyamaza. Bara haikuwa na televisheni hadi miaka ya 1990, kwa hiyo hakuna marudio ya kutazama usiku, na tunabaki na waliokuwapo uwanjani na magazeti ya siku ile. Hata 26 za Mmachinga hutajwa kila ligi inapokaribia kwisha, ila idadi ya mechi za msimu ule haiwekwi kando yake. Kisha kijana anakuja na jedwali kamili la Tambwe na Kagere kwenye simu, anasema wazee wanatia chumvi. Wazee hawakuandikiwa, na kumnyima mtu nafasi yake kwa kuwa karani hakuweka daftari ni dhuluma.

Basi anayeona Kagere bado yuko juu ya Tambwe aje na mechi 38 mkononi, atuambie anazifanyaje. Anayeona namdhulumu Aziz Ki kwa kuwaweka sawa pia aje, hiyo nina wasiwasi nayo mwenyewe, maana kiungo na straika hawasimami mahali pamoja uwanjani. Na mwenye baba au babu aliyehifadhi magazeti ya Uhuru au Mzalendo ya miaka ya 1970, apige picha kurasa za michezo zenye matokeo na majina ya wafungaji, azilete. Tuanze na msimu wa 1977, bao moja moja.