Wachuuzi wa Arua wanaona ukurasa mweupe: niache JavaScript nirudi PHP?

Fundi_Mpya
Wakuu, shikamooni. Niko Kampala, mwaka wa pili kwenye kazi ya tovuti. Mzee mmoja wa duka la jumla Kikuubo aliniomba ukurasa wa bei za sukari, sabuni na mafuta, ili wachuuzi wa Arua na Gulu waangalie kabla ya kupanda basi. Nikaujenga kwa React, maktaba ya JavaScript inayokiachia kivinjari kazi ya kujenga ukurasa. Kwenye Chrome ya kompyuta yangu unateleza kama samaki. Jumatatu mzee kanipigia: "Kijana, wateja wanasema duka langu halina kitu!" Kumbe wengi wao wanatumia Opera Mini, wanaona weupe mtupu. Nirudi PHP, lugha ya upande wa seva ambayo wenzangu wanasema imekufa? Nijifunze lugha nyingine, Python? Au wateja ndio wabadilishe kivinjari?

Dada_Seva
Marahaba. Wateja waache kabisa. Mtu anayenunua bando la siku ameichagua Opera Mini kwa sababu haili data, na tangu 2021 kila bando lina ushuru wa asilimia 12. Tatizo liko hapa: ikiwekwa kwenye hali ya kubana kabisa, ukurasa haufunguliwi na simu. Seva za Opera ndizo zinaufungua, zinaendesha JavaScript kwa muda mfupi, kisha zinatuma matokeo yaliyobanwa. Injini yenyewe, yaani sehemu inayosoma na kuchora ukurasa, ni Presto, ile ambayo Opera ya kompyuta ilianza kuihama 2013. Presto haielewi JavaScript ya siku hizi.

Mfuga_Chatu
Python na Django, mfumo wake wa kujengea tovuti, umalize. PHP siiwezi. Tazama amri zake mbili za kutafuta maandishi: strpos haina kistari, str_replace inacho. Moja inataka kwanza maandishi ya kutafutia ndani yake, nyingine inataka kwanza kile unachokitafuta. Nani alipanga hivyo?

Mzee_wa_Dola
Rasmus Lerdorf aliianza 1994 kwa ajili ya ukurasa wake mwenyewe, hakujua kwamba wewe utakuja kulalamika. WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti na blogu, inaendeshwa nayo hadi leo. Na JavaScript nayo, Brendan Eich aliitunga kwa siku 10 mwaka 1995. Iulize typeof null, yaani "hakuna kitu" ni aina gani, itakujibu "object", kitu. Kila lugha ina kichaa chake. Mimi naangalia mfuko: kukodi nafasi ya bei ya chini kwenye seva, PHP unaikuta humo tayari.

Fundi_Mpya
Kwa hiyo React ndiyo kosa?

Dada_Seva
Kosa ni kuiachia simu ya mchuuzi kazi ya kujenga jedwali la bei. Seva iandike HTML iliyokamilika, yaani ukurasa ulio tayari kuonyeshwa: kwa PHP, kwa Python, hata kwa JavaScript hiyohiyo kupitia Node, programu inayoiendesha kwenye seva. Kisanduku cha kutafuta bidhaa kiongeze baadaye, kwa wenye vivinjari vinavyokimudu. Na jaribu kwenye simu halisi ya bei ndogo. Usisahau iPhone: huku kwetu, hata Chrome iliyo ndani yake inatumia injini ya Safari, kivinjari cha Apple, iitwayo WebKit. Ikiharibika Safari, imeharibika kote humo.

Mfuga_Chatu
Django ingefanya yote hayo. Nasema tu.

Fundi_Mpya
Mrejesho: nimeandika upya kwa PHP usiku mmoja, jedwali tupu bila mapambo. Shemeji yangu aliyeko Arua ameufungua kwa Opera Mini, bei zote zimetokea. Leo mzee naye kaufungua, kasoma kimya hadi chini, kisha kaniuliza mbona sukari ina bei ya wiki iliyopita.