Naombeni ushauri: ngoma ya kuingilia ulingoni, inipandishe mzuka au initulize?

Kijana_wa_Glovu:
Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni. Nimetoka ngumi za ridhaa na sasa napanda pambano langu la kwanza la kulipwa, raundi nne. Kule ridhaa nilikopita hakukuwa na mambo ya muziki, unaitwa jina, unapanda, unapigana. Sasa promota kataka nimpelekee ngoma ya kuingilia na tangu hapo sina amani kabisa maana kila mtu ananiambia lake. Ngoma ninayoipenda mimi imejaa madrams mwanzo mwisho, ina spidi, nikiiweka tu mwili unasisimka hadi mikono inataka kurusha ngumi yenyewe. Kocha haitaki hata kuisikia, anasema nitapanda pumzi ikiwa ishaisha, na ni kweli kwenye sparingi huwa naanza kwa kasi halafu raundi ya tatu mikono inakuwa mizito. Wenzangu gym wao wanasema bila ngoma kali ukumbi utalala na watu wamelipa hela zao. Na mimi ile kutoka mlangoni mpaka ulingoni naiheshimu sana, sitaki ipite hivi hivi. Nifanyeje?

Mzee wa Kona:
Marahaba kijana. Kocha wako ana hoja, msikilize. Siku ya pambano mwili hauhitaji kuamshwa, adrenalini imeshapanda kabla hujavaa glovu, moyo unadunda, mdomo umekauka, wengine wanaenda chooni kila saa. Ukimwagia hapo biti ya kasi unaongeza petroli kwenye moto unaowaka. Lakini wapo mabondia wapoleee, unampasha kwenye pedi na bado amelala, huyo mpe ngoma ya fujo bila kujiuliza. Wewe kwa maelezo yako sio huyo.

Ila ngoma nzito sio lazima iwe ya haraka, hapo ndipo vijana wengi mnachanganya. Tazameni bondia Mike Tyson alivyoingia kumkabili Michael Spinks mwaka 1988, hakuvaa joho wala hakuingia na wimbo wa kuchezeka, ilikuwa sauti nzito ya kutisha tu na yeye anatembea. Pambano liliisha kwa sekunde 91. Tafuta kitu kizito kinachotembea taratibu, besi nene, mwendo ambao miguu yako inaufuata bila kukimbia.

DJ Sauti Juu:
Mimi napiga muziki kwenye mapambano na mechi za kikapu, niongee kwa upande wangu wa spika. Watu hawasikilizi ngoma yako yote, wanasikiliza sekunde kumi za mwanzo, ukiwapata hapo umewapata. Trevor Hoffman, mrushaji mpira wa San Diego Padres kule kwenye besiboli ya Marekani, tangu 1998 alikuwa anaingia na Hells Bells ya AC/DC, ile inaanza na kengele, kengele moja tu inalia na uwanja mzima ushajua nani anakuja, hata gita halijaanza. Edwin Díaz, mrushaji mwingine wa besiboli, wa Mets, mwaka 2022 ni tarumbeta, watu wanapiga tarumbeta hewani mpaka wazee. Kwa hiyo usiniletee ngoma yenye mwanzo wa kimya kimya wa dakika nzima, utakuwa ushafika kwenye kamba na biti haijadondoka, yaani haijaingia kwa kishindo, hiyo inaniuma sana nikiiona maana ngoma ni nzuri ila imekatwa vibaya. Pima hatua zako kutoka mlangoni hadi ulingoni, kisha kata ngoma ili ule mdondoko ukukute unatokeza mlangoni.

Dada wa Dimbani:
Mi napingana kidogo na mzee wangu hapo juu, kwa heshima zote. Ngoma ya kuingilia ni ya ukumbi na ya mpinzani, sio dawa ya bondia. Mariano Rivera wa Yankees, besiboli hiyohiyo, alikuwa mtulivu kuliko karibu wote waliowahi kurusha mpira, mtu wa kanisa, na alikuwa anaingia na Enter Sandman ya Metallica ambayo hata hakuichagua yeye, walimchagulia watu wa uwanjani 1999. Magita yanaunguruma, watu wanapiga kelele na yeye anakimbia taratibu na uso uleule. Utulivu alikuwa nao tayari kabla ya kutoka. Ndio maana nasema kazi ya kujituliza ifanyike chumbani, vaa hedifoni, weka kitu cha polepole, vuta pumzi ndefu, halafu ukitoka wape watu mzuka wao. Nikicheza kikapu nilikuwa nafanya hivyo kila mechi na sijawahi kuingia uwanjani nikiwa nahema.

Mzee wa Kona:
Dada nimekusoma, ila Rivera alikuwa na uzoefu wa miaka, huyu ni pambano lake la kwanza. Utulivu wa hedifoni unaweza ukaisha mlango ukifunguliwa.

Dada wa Dimbani:
Hapo sawa mzee, nakubali. Basi atafute ya katikati. Timu ya kikapu ya Chicago Bulls enzi za Michael Jordan waliingia na ngoma inaitwa Sirius, haina mwimbaji hata mmoja, haina papara, taa zimezimwa na inapanda pole pole mpaka nywele zinasimama. Mzuka upo na moyo haukimbizwi.

Kijana_wa_Glovu:
Asanteni sana, hiyo ya besi nzito inayopanda pole pole imeniingia na nahisi hata kocha ataikubali. Ninayo moja ya hivyo, tatizo ubeti wa pili una matusi na familia yangu itakuwepo, na pia sina uhakika kama kwenye mwili itafanya kazi au ni mawazo tu.

DJ Sauti Juu:
Matusi tafuta toleo safi au kata ibaki biti tupu, ukumbini maneno yenyewe hayasikiki vizuri. Faili mtumie mtu wa muziki mapema na siku yenyewe uje na flashi mfukoni, usitegemee intaneti ya ukumbini kabisa. Andika jina lako kwenye faili, sio "wimbo mpya 2", nimeshawahi kumpigia mtu ngoma ya mpinzani wake kwa sababu hiyo. Na ukisikia imeanza usitoke mbio, subiri mdondoko.

Mzee wa Kona:
Kuhusu mwili, jaribu gym. Pasha kwenye pedi kama siku ya pambano, weka ngoma, tembea urefu uleule, panda, halafu sparingi raundi zote nne. Wiki nyingine fanya hivyohivyo na ile yako ya kasi. Kocha akuangalie mabega na pumzi raundi ya tatu, wewe usimwambie unavyojisikia mpaka aseme alichoona yeye kwanza.